Tundu la Mkate

Jumapili, saa mbili asubuhi, Matsumoto.
Theluji imeketi juu ya baiskeli kama mgeni asiye na haraka,
nami ni wa nne kwenye foleni
mbele ya duka lenye viti vitatu
na kengele iliyopasuka.

Ndani, Bi Tsukihara anachemsha.
Si mchele, si tambi: anachemsha mkate,
pete baada ya pete; zinazama, zinaibuka,
zinageuza matumbo juu,
kisha ufuta, kisha tanuri, kisha harufu
inayotoka nje kutuita mmoja mmoja.

Miaka sita nimeishi huku.
Wali nimeshiba. Supu nimeshiba. Heshima nimeshiba.
Lakini begeli za madukani, eti begeli!
Maandazi yaliyotobolewa,
laini kama radhi ya mtu asiyejuta;
ukizibonyeza zinakubali,
ukiziachia zimesahau.

Begeli ya kweli haitafunwi, hubishaniwa.
Ganda hukataa kwanza,
taya zikasisitiza,
ndani mkashikana, mkavutana,
hadi mmoja wenu ameze.

Kwetu Montreal, babu yangu Mendel Wisniak
alizitoa motoni kwa ubao mrefu kuliko yeye,
nyusi zake zimeungua tangu ujana hazikurudi.
Unga wake hauonji chumvi. Maji yake yana asali.
Na akikukuta unapaka jamu juu ya begeli
hakusemi. Hukutazama tu
kama aliyepanda kitandani na viatu.

Basi siku ya kwanza niliingia hapa
na kiburi cha babu mfukoni.
Jibini laini ipo? Ipo.
Samaki wa moshi? Yupo, trauti wa mto wa pale chini,
kamfukiza mwenyewe kwa kuni za mcheri.
Vitunguu? Alivikata vyembamba hadi nikaona vidole vyake ng'ambo.
Kapari?
Akainama, akaomba radhi,
akaleta plamu ndogo kali zilizolala chumvini tangu mwaka juzi.
Shibiti? Akachuma jani la shiso dirishani.

Nilikula nimesimama.
Sikusema kitu hadi mabaki ya ufuta,
ambayo niliyaokota kwa kidole kilicholowa mate,
mtu mzima mimi, mwalimu wa watu.

Ile ya maharage matamu ndiyo niliyoikataa.
Majira mawili nikaikataa.
"Hiyo si begeli," nikasema.
"Basi ni nini?" akauliza, bila ubaya,
kisha: "Na tundu hili, kwenu ni la nini?"

Sikujua.
Nilikula matundu utoto mzima
sikuwahi kuuliza.

Leo nimempigia babu. Kwake ni Jumamosi jioni,
Sabato imeshatoka, yupo jikoni na soksi zake za sufu.
Nikamwonyesha: nusu ya maharage, nimeshauma.
Nimeungama.

Kimya. Nikangoja lile jicho la viatu kitandani.
"Maharage," akasema. "Yanashika? Hayamwagiki?"
"Yanashika, babu."
"Mpe simu huyo mama."

Wakaanza. Asali vijiko vingapi?
Maji yachemke au yatetemeke tu?
Unga ulale usiku mmoja au miwili?
Yeye Kiyidi na Kifaransa, huyu Kijapani,
mimi katikati nikipokea huku nikipeleka kule,
foleni nyuma yetu ikinyoosha shingo,
Bwana Ogiso wa duka la saa akisahau mkate wake mkononi.

"Muulize tundu," akanikumbusha Bi Tsukihara.
Nikauliza.
Babu akacheka hadi picha ikatikisika.
"Tundu? La kutundikia kijitini, ubebe nyingi.
Wengine husema ili katikati paive.
Baba yangu alisema tundu ni la bure,
unalipia kilichobaki."

Akaandika kwenye karatasi ya bei,
akaibandika ukutani kando ya tanuri,
kisha akanidai pesa za begeli mbili.

Nimefika nyumbani. Trauti bado kwenye masharubu,
na punje tatu za ufuta
zimenasa kwenye kioo cha simu,
kwenye kidevu cha babu hasa.
Sijazifuta.